Susu, Usuu na Pakiti ya Oti

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, Susu alisimama mlangoni mwa jikoni langu, Nairobi, akachungulia sufuria. Alikuwa amekuja kutoka upande wa Mwingi, kaunti ya Kitui, ili macho yake yaangaliwe na daktari, na kwa siku nne nilikuwa nimemlisha chai na mkate kwa sababu sikujua nimpikie nini. Siku ya tano nikajikaza. Nikamtolea chakula changu cha kila asubuhi, kile ninachokipiga picha wakati mwingine kabla ya kukila.

Kikombe kimoja cha oti, viwili vya maji, kimoja cha maziwa, chumvi kidogo, moto wa chini. Siri ya kupata uji mlaini ni subira. Unaanza na maji baridi, unakoroga polepole ili wanga utoke, maziwa unayaongeza karibu na mwisho, halafu unazima moto na kufunika kwa dakika tatu. Ukifunua unakuta umeshikana na unateleza kama krimu. Haya yote niliyasoma kwenye simu, kama kila mtu.

"Hiki ni nini?" Susu akauliza.

"Ni uji, Susu."

Akachukua pakiti, akamimina vipande vichache kiganjani, akanusa, akatupia kimoja mdomoni na kukitafuna pole pole.

"Hii imeshapikwa," akasema.

"Aa, Susu, hiyo ni mbichi. Ndiyo naipika sasa."

Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtu aliyesoma sana na hajui kitu. "Imepikwa," akarudia, kisha akaenda kuketi.

Kwa asiyejua Kikamba: susu ni nyanya, usuu ni uji. Maneno haya mawili yanakaribiana hivi kwamba nikiwa mtoto nilidhani ni neno moja, yaani yule mama mzee na kile alichonishikisha mikononi kila asubuhi kwenye kibuyu. Mwandishi wa jambo hili basi hawezi kujifanya hana upande. Lakini ilinichukua muda kugundua kwamba Susu alikuwa sahihi kuhusu ile pakiti, na kwamba ndani ya neno lake mna historia nzima ya kwa nini nanunua uji wa nchi za baridi huku uji wetu ukiliwa na kuku.

Kabla ya mahindi

Muulize mtu yeyote chakula cha Mkamba, atakuambia muthokoi, au isyo, ambayo wengine mnaijua kama githeri. Vyote ni vya mahindi. Lakini mahindi ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika. Wareno waliyafikisha pwani yetu kuanzia karne ya 16, na huku bara yalichukua muda mrefu kabla hayajashika usukani.

Mwaka 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa Rabai, alipanda hadi Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa Kivoi. Huko ndiko alikoonyeshwa, tarehe 3 Desemba mwaka huo, mlima wenye weupe kileleni ambao Wakamba waliuita Kiinyaa, jina ambalo leo limeandikwa kwenye pasipoti zetu. Misafara ya Kivoi na wenzake ilikuwa ikibeba pembe za ndovu hadi pwani, na mashamba ya nyumbani yaliyowalisha watu wa misafara hiyo yalisimama juu ya nafaka tatu: mawele, ambayo Kikamba kinayaita mwee, mtama, yaani muvya, na wimbi, ambalo Watanzania wanaliita ulezi. Kunde na mbaazi zilijaza pengo.

Mawele hayakuwa chaguo la bahati nasibu. Ukambani kuna misimu miwili ya mvua. Ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa, na ile ya Machi hadi Mei ni ya kuomba Mungu. Mawele yanaujua mchezo huo. Ni nafaka iliyofugwa na wakulima wa ukanda wa Saheli, Afrika Magharibi, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kwenye ardhi ya mchanga na jua kali. Mvua ikikatika katikati, mmea haufi mara moja. Hupunguza mwendo, hungoja, na mvua ikirudi hutoa machipukizi mapya kutoka chini. Mahindi yakikosa mvua wiki ile yanapotoa mbelewele, basi, msimu umekwisha.

Kazi ya kuyageuza mawele kuwa uji ilikuwa ya wanawake, na ilikuwa kazi kwelikweli. Unatwanga kwenye kinu kutoa makapi, unapepeta, unasaga juu ya jiwe ukiwa umepiga magoti. Unga unakorogwa na maji baridi kwanza usije ukafanya madonge, halafu unamiminwa kwenye maji yanayochemka. Wengine waliuacha unga ulioloweshwa ulale usiku mzima uchachuke. Maziwa yakiwepo yanaingia. Asali ikiwepo, na Kitui haijawahi kukosa nyuki, inaingia. Kule Kibwezi na Mtito Andei, kwenye mibuyu, unga wa ubuyu ulitia uchachu na uzito. Hiyo ndiyo iliyokuwa krimu yetu.

Kitu kimoja niliwahi kukiona bila kukielewa: Susu hakusaga unga wa wiki. Alisaga wa leo, labda na wa kesho. Nilidhani ni mazoea ya watu wa zamani. Mtalikumbuka hili baadaye.

Njaa zina majina

Watu wengine huhesabu miaka kwa marais. Wazee wa Ukambani huhesabu kwa njaa. Kila yua, yaani kila njaa, ilipewa jina, na jina lilieleza kosa liko wapi.

Mbaya kuliko zote iliitwa Ngomanisye, ile iliyowafikia wote. Ilianza mwaka 1897 na kuendelea hadi karibu 1901. Kabla yake sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Kisha mvua zikakatika, na ndui ikafuata njaa kama fisi. Familia zilivuka kwenda Ukikuyu kutafuta chakula, nyingine zikaacha watoto rehani ili waweze kuishi. Miaka hiyohiyo reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikipita katikati ya nchi yao, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, kuelekea Nairobi, ambako ilifika mwaka 1899. Zote hizo leo ni stesheni za Makueni. Matumbo yalikuwa matupu, na treni ikipiga honi kando yake.

Na hapo Kibwezi ndipo oti inapoingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1891, wamisionari kutoka Scotland wakiongozwa na daktari James Stewart walifungua misheni yao Kibwezi. Homa ya malaria iliwamaliza. Mwaka 1898 misheni ilihamishiwa nyanda za juu, Ukikuyu, na huko ndiko ilikokua na kuwa Thogoto. Hata hilo jina Thogoto ni neno Scotland likiwa limepita kwenye ulimi wa Mkikuyu.

Sasa, watu wa Scotland ni akina nani? Ni watu wa oti. Nchi yao ni ya baridi na mvua, udongo wake haufai ngano sana, kwa hiyo kwa karne nyingi maskini wa huko waliishi kwa uji wa oti, kama sisi tulivyoishi kwa uji wa mawele. Na walichekwa kwa ajili yake. Mwingereza Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, alieleza oti kuwa nafaka ambayo Uingereza hulisha farasi na Scotland hulisha watu. Hiyo ilikuwa mipasho, imechapwa kabisa kwenye kamusi.

Nikifikiria Kibwezi ya mwaka 1897 naona watu wa aina mbili wamekaa kilomita chache kutoka kwa kila mmoja, wote wamekuzwa kwa uji wa nafaka ya kudharauliwa. Hakuna aliyejua kwamba miaka mia moja baadaye uji wa mmoja utauzwa supa kwa bei ya juu kwa vijukuu vya mwingine.

Posho

Mawele hayakuanguka siku moja. Yalisukumwa, kidogo kidogo, na mikono mingi.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwajiri. Reli, mashamba ya walowezi na jeshi vililipa watu sehemu ya ujira kwa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Kenya walichukuliwa kuwa wabeba mizigo wa jeshi, Wakamba wengi wakiwemo. Mtaa wa Kariokor hapa Nairobi umebeba jina la kikosi hicho. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mara nyingi hawakuwa na muda wala kuni za kuupika uive. Matumbo yaliyozoea mawele na wimbi yaliharibika, na kuhara damu kuliua wengi kuliko risasi. Waliorudi, hata hivyo, walirudi wakiwa wameuzoea. Uliwaua na ukawafuata nyumbani.

Mkono wa pili ulikuwa wa kisiagi, kile tunachokiita posho mill. Mashine ilipofika sokoni, mwanamke aliyekuwa akipiga magoti kwenye jiwe saa mbili angeweza kupeleka debe la mahindi na kurudi na unga kabla jua halijapanda. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu.

Mkono wa tatu ulikuwa wa ndege. Sisemi utani. Punje ya mahindi imefunikwa kwa maganda, lakini mawele yanasimama uchi shambani, na kundi la kwelea linaweza kumaliza msimu kwa siku chache. Zamani kazi ya kuwinga ndege ilikuwa ya watoto, juu ya dungu, na kombeo mkononi, kuanzia alfajiri. Kisha watoto wakaenda shule. Kila serikali iliyopunguza karo, mwaka 1974 na tena 2003, ilifanya jambo jema, na kila mara shamba la mawele lilipoteza walinzi wake. Ukweli ni huo: mimi nimesoma, na mtu fulani alilipa kwa mawele.

Mkono wa nne ulikuwa wa maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi inayokomaa haraka, kwa ajili ya nchi kavu kama Kitui na Makueni. Mahindi ya Katumani yaliwapa watu ujasiri wa kupanda mahindi mahali ambapo babu zao wasingethubutu. Msimu mzuri, yalijaza ghala. Msimu mbaya, ghala lilibaki na mwangwi.

Na maziwa je? Maana uji bila maziwa ni uji wa mgonjwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno wanaoharibu ardhi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwasubiri. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, kutoka wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilibeba na Makueni ndani yake, hadi Nairobi kumwona gavana. Walikaa mjini kwa wiki kadhaa. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mpango wa ng'ombe ukaachwa. Ukipita Muindi Mbingu Street na kikombe chako cha kahawa ya maziwa, jua kwamba barabara ile ina jina la mtu aliyepigania, pamoja na mengine, maziwa ya uji.

Kufa umeshika

Kuanzia hapo majina ya njaa yakabadilika. Yakaanza kutaja vitu vinavyotoka nje.

Mwaka 1961 ukame mkali ulifuatwa na mafuriko yaliyokata barabara, na magunia ya mahindi yakaangushwa kutoka angani. Njaa hiyo ikaitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, za chuma safari hii. Mwaka 1984 ikaja ile inayoitwa Nikw'a Ngwete, yaani "nakufa nikiwa nimeshika". Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na duka halina unga. Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na hadi leo wazee wakiyataja wanakunja uso.

Lisome jina hilo tena. Njaa za zamani zilisema mvua haikunyesha. Hii inasema soko halikufika. Ni jina la watu ambao tayari wameacha kula kinachoota kwao na wanangoja kinacholetwa.

Kisha ukaja mwaka 2004. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo wataalamu wanaiita aflatoksini. Mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, yakawekwa ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, na ukungu ukafanya kazi yake gizani. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mtu alikoroga uji, ukachemka, ukaonekana umeiva, akawapa watoto. Mawele na mtama si kinga kamili, navyo hushika ukungu vikihifadhiwa vibaya. Lakini mahindi huushika kwa urahisi zaidi, na nchi ile ilikuwa imeweka kila kitu kwenye mahindi.

Mimi miaka hiyo nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni kwamba kwa muda Susu alikataa kabisa unga wa mahindi nyumbani, tukarudi kwenye usuu wa mwee asubuhi na jioni. Tulinung'unika. Hakutueleza sababu.

Chakula cha kuku

Hapa nakiri jambo. Nilipoenda shule ya bweni, mama alinifungia kilo mbili za unga wa mawele ili niongezee uji wa shule, uliokuwa mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Usiku wa kwanza nilifungua mkebe, na msichana wa kitanda cha pili akauliza mbona nimebeba chakula cha kuku. Bweni likacheka. Mwingine akaongeza, "Si ni Mkamba, wamezoea njaa." Kila mara ukame ukitangazwa kwenye habari saa moja, jicho la bweni lilikuwa linahamia kwangu.

Baada ya wiki mbili ule unga ukawa mchungu. Nikapata kisingizio. Nilimwandikia mama kwamba unga wa mawele unaharibika haraka, asitume tena, anipe hela ya biskuti. Nilimwaga ule uliobaki nyuma ya choo.

Sikusema uongo. Ulikuwa umeharibika kweli. Na hapo ndipo ilipo siri ambayo Susu aliionja jikoni kwangu miaka mingi baadaye.

Mvuke

Mawele yana mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, zaidi ya ngano, zaidi ya mtama. Ndiyo maana uji wake una utamu ule wa karanga na unateleza. Lakini punje ikishasagwa, kimeng'enya kilichomo kinakutana na mafuta hayo na kuanza kuyavunja. Katika siku chache au wiki chache unga unachacha na kuwa mchungu. Ndiyo sababu Susu alisaga wa leo tu. Ndiyo sababu rafu za supa haziupendi. Unga mweupe wa mahindi umeondolewa kiini chenye mafuta, kwa hiyo unakaa miezi kwenye pakiti bila kulalamika.

Sasa sikilizeni: oti ina ugonjwa uleule. Nayo ina mafuta mengi, na ikisagwa mbichi inachacha vilevile. Tofauti ni kwamba viwandani, kabla ya kufanywa chochote, punje za oti hupashwa joto na mvuke mpaka kile kimeng'enya kife. Halafu hupitishwa kati ya roli na kubanwa zikawa vile vipande bapa. Kwa maneno mengine, oti kwenye pakiti imeshapikwa kidogo.

Mwanamke asiyesoma lebo alitafuna kipande kimoja na kuniambia hivyo hivyo. Mimi, na digrii yangu, nikambishia.

Kilichofuata mvuke ni jina. Mwaka 1877 wasagaji wa Ohio, Marekani, walisajili alama ya Quaker, picha ya mtu mwenye sura ya uaminifu, wakaanza kuuza oti ikiwa imefungwa badala ya kuipakua kutoka kwenye pipa la dukani. Chakula cha farasi kikapata uso. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu pakiti za oti kuandikwa kwamba nyuzi zake, zile zinazoyeyuka na kuufanya uji uteleze, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Ndivyo kile alichokicheka Johnson kilivyoingia kwenye simu yangu kama chakula cha watu wanaojijali.

Sina ugomvi na oti. Wanachosema kuhusu nyuzi hizo ni kweli. Ninachosema ni kwamba nafaka mbili za maskini zilisafiri njia moja mpaka mahali fulani. Moja ikapewa mvuke, pakiti na daktari. Nyingine ikapewa ndege, msaada na kicheko cha bweni.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Kiboko, Makueni, kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimelea mbegu za mtama na mawele. Mtama wa aina ya Gadam ulipandwa kwa wingi Kitui na Makueni, na soko lake kubwa likawa bia ya bei nafuu, Senator Keg. Wakulima wakaambiwa hatimaye nafaka yao ina thamani. Mwaka 2013 serikali ikapandisha ushuru wa bia hiyo, mauzo yakaporomoka, na wakulima wakabaki na magunia. Umoja wa Mataifa nao ukautangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa mawele na jamii yake duniani kote. Nilikuwa Nairobi. Nilikuwa nakula oti.

Kaango

Jioni ile, baada ya kusoma yote haya, nilimuuliza Susu kama kulikuwa na njia ya kufanya unga wa mawele ukae. Akacheka.

"Si unayakaanga kwanza."

Unayakaanga bila mafuta, kwenye chungu au kaango kavu, moto wa wastani, ukikoroga bila kusimama, mpaka yaanze kunukia na chache zipasuke. Unayaacha yapoe, ndipo unayasaga. Hayadumu mwaka, lakini yanadumu kuliko mabichi. Joto limekiua kimeng'enya. Ni kazi ileile ya mvuke wa Ohio, ila kwa mwiko na kuni.

"Mbona hukumwambia mama wakati naenda shule?" nikamuuliza.

"Nilimwambia. Alisema nyinyi wa siku hizi hampendi uji wenye harufu ya moshi."

Aliporudi Mwingi alinitumia kilo mbili kwa basi, zikiwa zimekaangwa. Nilizipeleka kwenye kisiagi cha mtaani, na jamaa wa kisiagi akaniuliza kama nafuga kuku. Nikamwambia ndiyo, nafuga mmoja, mkubwa, anaandika makala.

Napika hivi sasa. Vijiko vitatu vikubwa vya unga wa mawele navikoroga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi, naacha usiku kucha juu ya meza uchachuke kidogo. Asubuhi nachemsha vikombe viwili vya maji na chumvi, namimina ule mchanganyiko huku nakoroga, nashusha moto, naendelea kukoroga dakika kumi na tano. Ile subira niliyojifunza kwenye oti inafaa hapa pia. Maziwa kikombe kimoja mwishoni, kijiko cha asali ya Kitui, na ubuyu nikiupata. Nazima, nafunika, nangoja dakika tatu.

Rangi yake ni ya kijivu kidogo, haipendezi kwenye picha. Harufu ya moshi ipo. Unateleza.

Pakiti ya oti bado iko kabatini, na kuna asubuhi za haraka ninapoitumia bila aibu. Lakini juzi nilimpigia Susu kumwambia unga umeisha, na umekaa wiki tano bila kuwa mchungu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama majirani wangu wanakula pia. Nikamwambia mmoja ameonja na ameomba.

"Basi," akasema, "mwaka huu tutapanda mpaka kule chini mtoni. Njoo Januari mwisho. Tunahitaji watu wa kufukuza ndege."